Je, Ni Halali Kumcheka Nyanya Aliyekulea?



Yuko mtu huko Marekani aliyepata mali na sifa kwa kuwasimulia watu ukali wa nyanya yake. Watu elfu na elfu wamelipa fedha waje kumsikiliza, wakacheka hata machozi. Na nyanya huyo ndiye aliyemlea, wakati alipokuwa hana baba wala mama wa kumtunza. Mtu mwenyewe anaitwa George Lopez. Mara ya kwanza niliposikia habari zake nilisema moyoni: Kweli, asante ya punda ni mateke. Lakini nilipozidi kuyafuata maisha yake, hukumu yangu ilianza kulegea. Sasa sijui kama niliweza kuhukumu vema hata kidogo, na ndiyo sababu naandika.

Kwanza tumjue mtu. Lopez alizaliwa tarehe 23 Aprili 1961 katika mtaa wa Mission Hills, jijini Los Angeles. Msomaji atalitambua neno misioni katika jina hilo, wala hakosei. Hapo ndipo Wafransisko walipojenga misioni yao ya San Fernando mwaka 1797, wakati California ilipokuwa chini ya mfalme wa Hispania. Baadaye nchi ikawa ya Meksiko, na mwaka 1848, baada ya kushindwa vitani, Meksiko ililazimika kuiachia Marekani. Basi watu wa asili ya Meksiko si wageni pale. Hata hivyo, kwa muda mrefu wengi wao wamefanya kazi za mikono kwa mshahara mdogo, na katika sinema walionekana kama watumishi, au wezi, au watu wa kuchekwa kwa namna wanavyosema Kiingereza.

Baba yake aliondoka mtoto akiwa na miezi miwili tu. Alipofika umri wa miaka kumi, mama yake naye akaenda zake. Akabaki kwa mama wa mama yake, Benita Gutierrez, mwanamke wa kazi ya kiwandani, na mumewe Refugio, mfanyakazi wa ujenzi, ambaye hakuwa hata babu wa damu. Hao wawili walimlisha, wakamvika, wakamweka shuleni mpaka alipomaliza sekondari mwaka 1979. Tusipite hapo haraka. Mwanamke aliyekwisha kulea watoto wake, mwenye kuchoka kila jioni, alianza tena kulea. Wako kina nyanya wa namna hiyo katika kila parokia, na sidhani kama tunawahesabu.

Lakini nyanya Benita hakujua kubembeleza. Lopez mwenyewe ndiye asemaye hivyo. Katika masimulizi yake mtoto anapigwa, kisha anaulizwa mbona analia. Swali hilo alilifanya kuwa jina la kitabu cha maisha yake, Why You Crying?, kilichotolewa mwaka 2004. Wasikilizaji wanacheka kwa sababu wengi wao waliulizwa swali hilohilo, na aliyewauliza alikuwa bado ameshika fimbo.

Kazi yake si mchezo wa kuigiza kama ule tunaoufanya siku ya sikukuu. Mtu mmoja husimama jukwaani peke yake, kipaza sauti mkononi, akasema. Hana mwenzake wa kumwokoa akisahau neno. Watu wasipocheka, aibu ni yake yeye. Kijana Lopez aliitamani kazi hiyo kwa kumtazama Freddie Prinze, mchekeshaji ambaye mama yake alitoka Puerto Rico, na ambaye tangu mwaka 1974 alionekana katika televisheni akiigiza kijana wa Kimeksiko wa Los Angeles. Prinze alikufa mwaka 1977, umri wake miaka 22. Lopez akaishika njia ile, akakaa miaka mingi akisema katika vilabu vya usiku bila sifa kubwa. Mnamo mwaka 2000 mwigizaji wa sinema Sandra Bullock, aliyeona haya kwamba televisheni ya Marekani haikuwa na jamaa za watu wa asili ya Kihispania, alimtafuta. Hapo ukatoka mchezo wa televisheni wenye jina lake mwenyewe, George Lopez, ulioonyeshwa na kampuni ya ABC toka Machi 2002 hata Mei 2007, vipande 120. Humo yeye ni msimamizi katika kiwanda cha vipuri vya ndege, ana mke na watoto wawili, na ana mama mkali kama pilipili, jina lake Benny. Wote waliojua habari zake walimtambua Benny mara moja: ni Benita, amegeuzwa mama badala ya nyanya.

Basi, tuingie katika shauri lenyewe. Je, ni halali?

Mtu mmoja atasema kwamba kucheka kwenyewe ni upuuzi, na mtu mwenye akili hana haja ya kupoteza saa mbele ya mchekeshaji. Huyo simjibu mimi. Ajibiwe na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye hakuwa mtu wa mzaha. Katika Summa Theologiae alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili uchokavyo, na kwamba pumziko lake ni mchezo na maneno ya kufurahisha. Hata alisema mtu asiyecheka kamwe, tena anayewaharibia wenzake furaha yao, ana kosa. Kwa hiyo kucheka si neno. Neno ni hili: tunamcheka nani, na kwa namna gani?

Na hapo Tomaso huyohuyo anaonekana kumgeukia Lopez kwa ukali. Anapoandika habari za dhihaka anasema kwamba ovu kupita yote ni kumdhihaki Mungu, na linalofuata ni kuwadhihaki wazazi. Nyanya aliyekulea ni mzazi wako, nani atabisha? Amri ya nne haikusema uwaheshimu wazazi walio wapole tu. Ingekuwa rahisi kufunga kitabu hapa, tukamhukumu mtu.

Ila Tomaso alichungua kwanza dhihaka ni kitu gani. Nitasema kwa maneno yangu mwenyewe. Mwenye kudhihaki huchukua ubaya uliompata mwenzake, akaufanya kama si kitu. Pengine ubaya wenyewe ni mdogo kweli: mtu ameteleza matopeni, ameinuka, anacheka pamoja nasi. Hapo hakuna neno kubwa. Lakini pengine ubaya ni mkubwa, ila mwenye kupatwa amedharauliwa hata taabu yake haihesabiwi: ni mtoto tu, ni mjinga tu, ni mtumwa tu. Hapo dhihaka ni dhambi nzito, tena nzito kupita tusi. Kwa nini? Kwa sababu mwenye kutusi walau anakubali kwamba ubaya ni ubaya. Mwenye kudhihaki anauchezea.

Sasa pimeni kwa mizani hiyo. Yule aliyempiga mtoto akamwuliza mbona analia, ndiye aliyefanya taabu ya mwingine kuwa si kitu. Na mtoto yule, akiisha kuwa mtu mzima, anasimama mbele ya watu akasema kwamba yale yalikuwa kitu. Anasema kwa kuchekesha, lakini anasema. Katika ukumbi watu waliofundishwa kunyamaza wanatazamana, wanaona kwamba hawakuwa peke yao. Je, hiyo ni dhihaka? Mimi nadhani kwa sehemu ni ushahidi.

Kwa sehemu, nasema. Sitaki kumtetea upesi mno, kwa maana liko jambo linalonisumbua. Kwetu mjukuu ana ruhusa kumtania nyanya yake. Humwita mke wake, naye nyanya humjibu kwamba hataki mume aliyeng’oka meno ya mbele. Wote wanacheka, na hakuna anayeona kwamba heshima imevunjwa. Lakini utani una sheria yake: unakwenda na kurudi. Tena unafanyika uani, mbele ya watu wanaomjua nyanya, waliokula chakula chake, wanaojua kwamba ukali wake si mwisho wa habari zake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Lopez ni kata. Aliingia mtungini, anajua maji ni machungu na matamu. Watu wa ukumbini hawakuingia. Mtu wa asili ya Meksiko akimcheka Benny, anamcheka mama yake mwenyewe, na cheko hilo lina mapenzi ndani. Jirani yake asiyejua kitu huenda anacheka kwa sababu nyingine kabisa: ndivyo walivyo watu wale, anasema moyoni, wanapiga watoto wao. Fedha ya tikiti ni ileile, na kicheko kikitoka kinywani hakina alama ya kujulisha kimetoka wapi. Wala Benita hakupewa kipaza sauti ajibu.

Tena kipaza sauti kina hatari yake. Mwezi wa Februari 2017, mjini Phoenix katika jimbo la Arizona, Lopez alisema jukwaani kwamba katika jamaa za watu wake ziko amri mbili: usioe mtu mweusi, wala usisimamishe gari mbele ya nyumba yetu. Mwanamke mmoja mweusi aliyekuwa ukumbini alichukizwa, akamwonyesha kidole kwa ishara ya tusi. Lopez akamrudishia matusi mazito mbele ya watu wote, akamwambia akae anyamaze au atoke. Mama yule akatoka.

Wako waliomtetea: alikuwa akiucheka ubaguzi wa watu wake mwenyewe, si kuwacheka watu weusi. Inawezekana, maneno yenyewe yanakubali maana hiyo, na ni kweli kwamba waliodharauliwa huwadharau wengine, jambo ambalo lastahili kusemwa wazi. Lakini tazameni kilichofuata. Mtu aliumia. Alionyesha kwamba ameumia, ijapokuwa kwa ishara isiyo na adabu. Na yule mwenye nguvu ukumbini, mwenye taa zote na sauti yote, akafanya maumivu yake kuwa si kitu. Mbona unalia? Usiku ule Lopez alikuwa nyanya yake.

Sisemi hivyo ili kumwaibisha. Nasema kwa sababu mimi pia nimekaa upande huo. Lopez amesimulia kwamba utotoni alikuwa akikojoa kitandani, wala nyumbani hawakudhani kuwa ni ugonjwa. Niliposikia hayo nilikumbuka shule ya bweni niliyosoma. Palikuwa na mtoto mmoja wa namna hiyo katika chumba chetu. Kila asubuhi alibeba godoro lake akalianika ukutani, mahali ambapo sote tulipita kwenda kuoga. Tulimtungia jina. Sikulitunga mimi, lakini nililiita kwa sauti kama wengine, na nakumbuka vizuri kwamba lilinichekesha. Yeye naye alicheka pamoja nasi. Alicheka kila siku. Muhula wa pili hakurudi, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Nimekwisha kuzeeka, na bado naliona godoro lile.

Kwa Lopez ilikuwa ugonjwa kweli. Alizaliwa na kasoro katika mwili iliyoyaharibu mafigo yake polepole, mwaka kwa mwaka, mpaka yakakaribia kukoma kazi kabisa. Wakati huo alikuwa mtu mashuhuri, mchezo wake unaonyeshwa kila juma. Mwezi wa Aprili 2005 alipasuliwa, akatiwa figo jipya. Aliyelitoa ni mke wake, Ann, aliyemwoa mwaka 1993. Madaktari walimpasua mtu mzima asiye na ugonjwa wowote, wakaondoa kiungo chake, wakampa mumewe. Mtu aweza kuishi na figo moja, naam. Lakini hakuna mpasuo usio na hatari, na mwenye kulitoa hapati faida yoyote mwilini mwake. Mtoto aliyefundishwa kwamba machozi yake si kitu alimpata mtu aliyeyahesabu kuwa kitu hata akakatwa mwili kwa ajili yake. Tangu hapo Lopez mwenyewe amefanya kazi ya kuwafahamisha watu habari za ugonjwa wa figo, wapate kupimwa mapema, na kazi hiyo ni njema.

Mwaka 2010 mume na mke walitangaza kwamba wanaachana, na mwaka uliofuata yakakwisha mbele ya sheria. Watu walisema mengi: Anakula uhai wa mke, kisha anamwacha! Mimi siingii nyumbani kwa watu. Ila nataka kusema neno moja juu ya figo lile, kwa sababu nimesikia waamini wema wakisema kwamba alipaswa kulilipa. Zawadi hailipwi. Likilipwa, basi liliuzwa. Ann alitoa bila kuandikiana hati, na utukufu wa tendo lake haupungui hata nukta moja kwa yale yaliyofuata. Lakini zawadi isiyolipika ni mzigo wa namna yake. Mtu huyu anaamka asubuhi, anakunywa maji, na kiungo cha mwenzake kinamfanyia kazi kimyakimya. Sijui kama upo mzaha unaoweza kulibeba jambo hilo.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti, jina lake Mayan, aliyezaliwa mwaka 1996. Baada ya wazazi kuachana, binti na baba walikaa miaka wasisemezane. Ndipo binti akaanza kufanya kitu ambacho baba yake angepaswa kukitambua. Alitengeneza filamu fupi za kuchekesha, za kutazamwa katika simu, akawasimulia watu wote habari za nyumba yao: jinsi wazazi walivyoachana, na jinsi baba alivyomkosea. Watu wakacheka. Naona hapa Lopez alikuwa na njia mbili. Angeweza kukasirika, akasema: Mimi baba yako nimekulisha, nimekuvika, nimekuweka shuleni, nawe unaniaibisha mbele ya ulimwengu. Maneno hayo yangekuwa kweli. Nyanya yake naye angeweza kumwambia yayo hayo.

Hakufanya hivyo. Walikuwa wamekwisha kuanza kusemezana tena, na toka zile filamu fupi ukazaliwa mchezo mwingine wa televisheni, Lopez vs Lopez, ulioonyeshwa na kampuni ya NBC toka mwaka 2022 hata 2025. Humo baba na binti wanaigiza baba na binti, tena kwa majina yao wenyewe, George na Mayan. Baba aliyekosekana miaka mingi anarudi karibu na binti yake, na binti anamwambia makosa yake, moja moja, na mengi yanatoka katika maisha yao kweli. Naye anakaa anasikia. Anajibu, wanagombana, wanacheka. Ni mchezo, najua, na wote wawili walilipwa. Lakini fikirini, baba mmoja katika parokia yenu, mwenye umri wa miaka sitini na zaidi, akubali kukaa kitini mbele ya jirani zake wote, na binti yake asome orodha. Mimi nina watoto wanne, na sidhani kama ningeweza kukaa mpaka mwisho wa ukurasa wa kwanza.

Hapo utani ulirudi kama sheria yake inavyotaka. Mjukuu aliyesema alisemwa. Na kama mtu ataniuliza sasa kama nakaza hukumu ile ya kwanza, ile ya punda, nitasema hapana, nimeiacha, ijapokuwa siwezi kusema kwamba deni lote limekwisha. Kwa maana yuko mmoja ambaye hakupata zamu yake. Katika mchezo ule wa kwanza mwigizaji Belita Moreno ndiye aliyesema badala ya nyanya, na maneno yake yaliandikwa na wengine. Ningependa sana kusikia Benita Gutierrez, mwanamke wa kiwandani, angelimjibu nini mjukuu wake kama angelipewa kile kipaza sauti dakika tano tu. Nadhani angeliukazia macho ukumbi wote kwanza. Kisha angelimgeukia, akamwuliza mbona analia.